Nimeliweka Toleo la Majaribio, Mjomba

Duka la Vifaa vya Ujenzi,
S.L.P. 214,
Migori.
21 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Mohamednur,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Kabla sijasema lolote, niambie goti lako linaendeleaje. Mama alisema uliteleza kwenye barafu mwezi wa pili ukakaa nyumbani bila kwenda kazini. Namwomba Mungu awe amekuondolea maumivu hayo, na natumaini sasa huko Gothenburg jua limetoka na unatembea bila fimbo. Anti Hibo naye je? Na wale mabinti, bado wanakataa kula ugali?

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Idi ilipita salama. Mama alipika mpaka Bathsheba, jirani yetu wa duka la nafaka, akabeba sufuria nzima kwenda nayo nyumbani kwake. Presha ya Mama imetulia tangu daktari ambadilishie dawa, ingawa chumvi bado anaificha nyuma ya pipa la unga na anadhani hatujui.

Mvua ilizidi mwezi uliopita. Barabara ya Karungu iligeuka matope, na wavuvi wanaonunua kamba na rangi ya mashua kwetu walipotea kwa muda. Sasa wameanza kurudi.

Nije kwenye jambo lenyewe. Najua Faruk amekupigia simu. Amekwambia kwamba nimemvunjia heshima mbele ya wazee na kwamba nimeshikwa na wazimu wa simu. Bila shaka amekuomba pia uniambie mimi, Sumayya, niache duka. Mjomba, kaka yangu nampenda, lakini hadithi hiyo ameianzia mwishoni. Naomba usome yangu kuanzia mwanzo, kisha useme unavyoona.

Unajua ile homa ya uti wa mgongo ya miaka mitatu iliyopita iliniachia masikio gani. Sauti nazisikia, maneno siyapati. Mtu akiongea ni kama redio iliyo chumba cha pili. Kile kifaa cha sikioni kinaongeza kelele tu: lori likipita nalisikia vizuri sana, mteja aliye mbele yangu simsikii. Kwa hiyo nilijifunza kusoma midomo, na naisoma vizuri. Wateja wangu wa siku zote wamenizoea. Wananitazama usoni, wakishindwa wananyoosha kidole kwenye rafu, na kazi inaendelea.

Mwezi wa tatu akaja Maranga, mchimba dhahabu wa kule Macalder, akitaka kamba. Alikuwa amejifunga kitambaa mdomoni kwa sababu ya vumbi. Nikamwomba akishushe. Akakishusha, akaongea harakaharaka huku akigeuka kumtazama mwenzake aliyekuwa nje. Neno nililolishika lilikuwa "mbuzi." Nikampa kamba ya katani, ile ya kufungia mifugo. Kumbe alisema hataki ile ambayo hata mbuzi anaikata, anataka nene ya kushukia shimoni.

Kesho yake alirudi akaitupa kamba juu ya kaunta. Mungu ni mwema, hawakuwa wameshuka nayo. Mwenzake aliivuta kuijaribu wakiwa bado juu, ikakatika.

Faruk alikuwepo dukani siku hiyo. Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini baada ya hapo aliacha kuogopa akaanza kuamua. Akawa anasimama kwenye kaunta yeye mwenyewe na kuongea na wateja juu ya kichwa changu, kana kwamba mimi ni mfuko wa saruji. Halafu akaitisha kikao. Mzee Dahir, yule binamu wa marehemu Baba, angekaa na wazee wengine wawili baada ya Idi, waamue duka liendeshwe na nani. Mimi ningebaki nyumbani na Mama nipumzike. Nipumzike! Mjomba, nina miaka thelathini na minne.

Sasa sikia habari za simu.

Kuna ukurasa mtandaoni ambapo watu wenye masikio kama yangu hupashana habari. Huko nilisoma kwamba mfumo mpya wa simu, ule utakaotoka rasmi baadaye mwaka huu, unaandika kwenye kioo maneno ya mtu wakati uleule anapoyasema, na kwamba mara hii Kiswahili kimo. Programu za namna hiyo nilishazijaribu. Kiingereza zinaandika vizuri, Kiswahili ni aibu tupu. Hii ilisifiwa na watu wa Mombasa na Tanga, nikaamini.

Shida ni kwamba lilikuwa bado toleo la majaribio. Onyo lake liliandikwa kwa herufi nzito: usiliweke kwenye simu unayoitegemea. Mimi nina simu moja tu, hiyo uliyonitumia, na ndiyo yenye programu ya malipo ya duka. Lakini toleo rasmi lingetoka kikao kikiwa kimeshapita, na mimi nikiwa jikoni. Nikajiandikisha.

Mara ya kwanza simu ilikataa, ikasema nafasi haitoshi. Nikafuta video zote ambazo Mama hunitumia, harusi za watu nisiowajua. Mara ya pili lilishuka mpaka likakaribia kwisha, stima ikapotea mjini, na iliporudi simu ikasema faili limeharibika nianze upya. Nikaanza upya. Mara ya tatu likaingia. Simu ikazima, ikawaka, ikaonyesha nembo, ikazima, ikawaka, nembo tena. Nikahudumia wateja, nikarudi kuitazama: nembo. Ilikuwa ya moto kama pasi.

Faruk alipoingia akaiona imelala juu ya kaunta ikiwaka na kuzima. "Nilikwambia," akasema. Hilo nalisoma hata akiwa ng'ambo ya barabara.

Siku hiyo wateja hawakuweza kulipa kwa simu. Wengine waliweka bidhaa chini wakaondoka. Bathsheba akaja na kanga yake kiunoni, akasema kwa midomo mipana ili nimsome: "Walipe kwa namba yangu. Jioni nitakupa pesa zako mkononi. Wewe shughulika na hiyo kitu." Mungu ambariki mama huyo.

Nikaipeleka kwa fundi Omosa, jirani na stendi. Aliigeuza, akabonyeza hapa na pale, akaniandikia kwenye karatasi kwamba atafuta kila kitu na kurudisha mfumo wa zamani, kesho itakuwa sawa. Nikamwambia wa zamani siutaki. Akacheka, akaandika kwa herufi kubwa: UNATAKA SHIDA? Nikamnyang'anya kalamu nikaandika chini yake: NDIYO.

Nikaenda Homa Bay kwa Filister. Sijui kama unamkumbuka, yule rafiki yangu wa sekondari aliyekuja kwetu likizo akamfundisha Mama kukaanga omena, wale dagaa wa ziwani. Sasa ana duka la kutengeneza kompyuta karibu na ziwa. Aliponiona mlangoni hakuuliza habari za nyumbani. Alinyoosha mkono apewe mgonjwa.

Kwanza kompyuta yake haikuiona simu kabisa. Filister akabadilisha hiki na kile, akaiwasha kompyuta upya, akaanza kuitukana kwa Kijaluo. Kumbe waya niliobeba ulikuwa wa kuchaji tu, haupitishi kitu kingine. Alinichapa begani na waya huohuo, akaleta wake.

Akashikilia kitufe cha sauti pamoja na cha kuwashia mpaka ukaja ukurasa mweusi wenye maandishi madogo. Akafuta mafaili ya muda. Nembo. Akalipakia toleo lilelile upya kutoka kwenye kompyuta bila kugusa vitu vyangu. Nembo. Akakaa chini, akafuta jasho, akanitazama usoni nimsome.

"Nyaminwa, imebaki kufuta yote."

Kwa Kijaluo nyaminwa maana yake "dada yangu", hivyo ndivyo anavyoniita.

"Tukifuta yote, programu ya malipo nitaifunguaje?" nikamuuliza. "Imesajiliwa kwa jina la Faruk. Lazima yeye ndiye aithibitishe."

"Si umwombe?"

"Wiki hii simwombi hata maji."

Akatoka kwenye kiti chake akanisukumia kompyuta. "Basi tafuta wewe. Mimi macho yameisha."

Nikaingia kwenye ukurasa wa wajaribu, ambapo watu wa dunia nzima wanalalamika kuhusu simu zao. Mjomba, sikujua kuna watu wengi hivyo wenye hasira. Wengi shida zao hazikuwa zangu. Nilisoma mpaka chai aliyoniletea Filister ikaganda utando juu. Kisha nikakuta maneno ya mwanamke mmoja wa Brazili, yametafsiriwa na mashine vibaya lakini yanaeleweka. Simu yake ilikwama kwenye nembo kwa sababu ya programu ya kukuza sauti kwa watu wasiosikia vizuri. Programu ile ilikuwa inajiwasha yenyewe na kuishika maikrofoni kabla mfumo mpya haujaichukua, vinagombana, simu inaanguka. Aliponea kwa kuiwasha simu katika hali salama, ile inayozizima programu zote ambazo mwenyewe umeongeza.

Niliruka kutoka kwenye kiti. Programu ya namna hiyo ninayo tangu nilipougua! Ilikuwa ikinikuzia kelele bure miaka yote hiyo.

Filister akaiwasha simu, na nembo ilipotokea akashikilia kitufe cha kupunguza sauti. Tukaitazama bila kupepesa. Kioo kikafunguka, na kwenye kona ya chini kikaandika: Hali salama. Niliiondoa ile programu mimi mwenyewe, kwa kidole changu. Tukaizima simu, tukaiwasha kwa njia ya kawaida. Nembo ikaja, ikakaa, nikashika meza. Halafu ikaondoka na picha ya Mama ikatokea.

Usidhani tulimaliza hapo. Kwenye orodha ya lugha za kuandikwa, Kiswahili hakikuwepo. Tulizunguka kwenye mipangilio mpaka Filister akagundua kwamba simu ilikuwa bado inaamini iko kwako Uswidi. Tukaiambia iko Kenya. Kiswahili kikatokea, tukakipakua, tukairuhusu maikrofoni. Filister akasema kitu, na kioo kikaandika:

"Nyama ina, unaona sasa?"

Alikuwa amesema nyaminwa. Tulicheka mpaka muuza samaki wa nje akachungulia. Kisha Filister akanipa mgongo, akaongea akiwa ametazama dirishani, nisiuone mdomo wake hata kidogo. Na maneno yakaja, moja baada ya jingine: "Huyo Faruk wako ana bahati mimi si ndugu yake."

Miaka mitatu, Mjomba, sikuwahi kupata neno la mtu aliyenipa mgongo. Nililia pale, na Filister akajifanya anapanga nyaya.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa Mzee Dahir baada ya swala ya alasiri. Mama alikaa karibu na Faruk, mimi nikakaa kiti cha mlangoni. Niliiweka simu mezani, kati ya birika na sahani ya sambusa, kama mtu yeyote anavyoweka simu yake. Sikusema kitu. Nilitaka kwanza kuona wanaongeaje.

Wakaanza, na kioo kikaanza. Mzee Dahir akafungua kwa dua. Mzee mmoja akauliza kwani mimi nimesema nini kuhusu jambo hili. Ndipo Faruk akajibu, huku akinitabasamia kwa upole: "Tusirefushe. Yeye hasikii. Tukishaelewana, nitamweleza nyumbani."

Nikainama nikayasoma maneno yake kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho. Kisha nikamtazama.

"Nimesoma, Kaka. Usinieleze nyumbani. Nieleze hapa."

Sebule ikanyamaza. Najua ilinyamaza kwa sababu kioo kiliacha kuandika. Mzee Dahir akaniuliza nimesikiaje.

"Sijasikia, Mzee. Nimesoma. Hata wewe umeandikwa hapo, na dua yako yote."

Akavaa miwani akaitazama simu, akatikisa kichwa polepole. Faruk akarudi kwenye habari ya kamba. Akasema siku moja nitaua mtu, na safari hii alinitazama usoni alipoyasema.

Nikamjibu kwamba kamba ile nami ilinitisha, na nilifanya jambo. Kamba zote za shimoni nimezifunga utepe mwekundu na kuzitundika mahali pake peke yake, na hakuna mtu anayetoka na kamba yoyote kabla sijarudia mbele yake kwa mdomo kazi anayokwenda kuifanyia, naye akubali. Maranga mwenyewe ameshanunua kwangu tena. "Na wewe," nikamwambia, "tangu siku hiyo umefanya nini zaidi ya kusimama mbele yangu?"

Alianza kujibu, na katikati ya jibu lake kioo kikaganda. Ni toleo la majaribio, hufanya hivyo. Nikaona midomo inakwenda kwa hasira, haraka mno kwangu, na wazee wanaitikia.

Zamani ningeitikia kwa kichwa. Hilo ndilo nililolifanya miaka hii yote, Mjomba. Mtu akiongea nisimwelewe, naitikia kwa kichwa na kutabasamu ili nisimsumbue, na baadaye naambiwa kwamba nilikubali. Hivyo ndivyo Faruk alivyopata kaunta, na hivyo ndivyo nilivyokuwa karibu kupoteza duka.

Nikanyoosha mkono juu ya meza. "Nyamazeni kwanza. Simu imekwama. Ngojeni iwake."

Faruk akakodoa macho kama mtu aliyemwagiwa maji. Akafungua mdomo. Mama, ambaye hakuwa amesema lolote tangu aingie, akamwekea mkono gotini na kumwambia maneno mawili niliyoyasoma bila shida: "Ngoja, Faruk."

Wakangoja. Wanaume wote wale walikaa kimya wakiitazama simu inavyozima na kuwaka, chai ikipoa, hakuna aliyegusa sambusa. Ilichukua muda wake na mimi sikuomba radhi. Maandishi yaliporudi, nikaisogeza karibu na kaka yangu.

"Haya, sema tena tangu ulipoanzia."

Mjomba, hakuwa na mengi. Mtu akilazimika kurudia maneno ya hasira kwa utulivu, huona mwenyewe yalivyo mepesi. Mzee Dahir ndiye aliyefunga. Aliinamia simu akaongea polepole kama anaongea na mtoto mchanga, akasema duka libaki kwa Sumayya, Faruk abaki na lori na mizigo, na kuanzia sasa jambo la duka lisijadiliwe bila mimi kuwepo na kuelewa. Nilimwomba arudie hilo la mwisho. Akarudia.

Hicho ndicho Faruk anachokiita kuvunjiwa heshima. Aliondoka bila kunywa chai. Sasa analeta mzigo, ananisalimia kwa kidole kimoja, anaondoka. Nasikitika, kwa maana tumelelewa pamoja na najua ana moyo mzuri. Lakini kama kuwaambia watu wangoje ni kuvunja heshima, nitaendelea kuivunja.

Sitakudanganya kwamba simu imekuwa malaika. Betri inaisha kabla ya adhuhuri. Mteja wa Ntimaru akitaja kwao, kioo kinaandika vitu vya ajabu. Mtu akichanganya Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza kwa pumzi moja, kama wanavyofanya wote hapa, ninapata uji mtupu. Kila kosa naliripoti kwa wenye mfumo. Nimewaandikia kwamba huo mchanganyiko ndio lugha ya dukani kwangu, na kwamba wasingoje mpaka tuongee kama vitabu. Hawajajibu. Nimewaandikia tena.

Faruk akikupigia, sikuombi umgombeze. Mwambie tu kwamba nimekwandikia, na kwamba akitaka kugombana na mimi asimame mahali penye mwanga na aongee taratibu.

Msalimie sana Anti Hibo na wale mabinti. Mama anakusalimu na anasema upake mafuta ya simsim kwenye goti. Bathsheba na Filister wanakusalimu pia, ingawa mmoja hajawahi kukuona. Mungu akulinde na baridi ya nchi hiyo, akupe rizki ya halali na afya ya kuifurahia, na atukutanishe kabla nywele zako hazijaisha.

Toleo jingine la majaribio linatoka wiki ijayo. Faruk amenitumia ujumbe, wa kwanza tangu kikao: "Tafadhali, hilo usiliweke." Nitaliweka Jumatatu asubuhi, duka likiwa wazi.

Mpwa wako akupendaye, na ambaye hanyamazi tena,

Sumayya